Filamu zinavyosimulia kufa kwa tramu za mijini, na kile ambacho hazituonyeshi (uzi mrefu)

#1 MtotoWaReli (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Huu uzi nimeukalia wiki nzima, leo nauleta. Ni mrefu, wenye haraka mnisamehe.

Huku kwetu Kigoma hatujawahi kuwa na tramu. Kwa ambaye hajawahi kuiona: ni behewa la umeme linalopita katikati ya barabara ya mjini, reli zake zimezamishwa kwenye lami, juu kuna waya, linashusha na kupakia vituoni kama daladala. Miji ya wenzetu ilijaa tramu, kisha zikang'olewa. London walimaliza 1952, Sydney 1961, Glasgow 1962, Los Angeles 1963.

Mimi ni mtoto wa reli. Baba alikuwa mtu wa genge, wale wanaokaza bolti na kubadilisha mataruma (vile vipande vinavyolazwa kukatiza chini ya reli), na nimekulia kwenye nyumba za reli katika stesheni ndogo kati ya Kaliua na Uvinza. Filamu ikiwa na reli ndani yake naitazama hadi majina yaishe kupita. Mwaka huu nimezitafuta zinazohusu kufungwa kwa tramu, nimeziangalia moja moja, nyingine mara tatu. Zimenigusa sana, na kuna jambo moja zimeniacha nalo kifuani. Nitalifikia.

Naanza na The Elephant Will Never Forget ya 1953. Aliyeitengeneza ni John Krish, mwajiriwa wa British Transport Films, kitengo kilichokuwa kinatengeneza filamu za usafiri wa umma Uingereza. Julai 1952 tramu za London zinafikia mwisho, na wakubwa wake wanataka picha za shughuli ya usiku wa mwisho tu, basi. Yeye akaokoteza mabaki ya mkanda, akapanda tramu na kamera, akatoka na filamu ya dakika kama 11. Kazi akapoteza kwa ajili yake. Hiyo Elephant kwenye jina ni Elephant and Castle, makutano makubwa kusini mwa London.

Ndani yake kuna wazee wawili, mume na mke, wamekaa ghorofa ya juu ya tramu wakitazama mji unavyopita. Hawasemi kitu. Wimbo wa zamani wa kumbi za burudani unaimba juu yao. Mimi hapo ndipo nilipolia, na sioni aibu kuandika hivyo. Baba na mama walikuwa wanakaa vilevile daraja la tatu tukienda Tabora, wamegeukia dirisha, kila mmoja na mawazo yake, mabega yanagusana.

Halafu unafika usiku wenyewe. Umati umejaa barabarani hadi tramu inatembea kama mtu anayepita sokoni. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Julai ya mwisho ikaingia karakana ya New Cross. Mabehewa yaliyokuwa hayatakiwi yalikuwa yanapelekwa Penhall Road, Charlton, na huko yanachomwa moto.

Glasgow nao hivyohivyo. Kevin Brownlow alipiga picha za siku za mwisho za tramu za huko mwaka 1962, filamu yake inaitwa Nine, Dalmuir West, yaani tramu namba tisa ya kwenda Dalmuir West. Tarehe 4 Septemba mwaka huo msafara wa tramu 20 ulipita mjini kuaga, na watu kama 250,000 wakajipanga kandokando. Watu waliweka senti juu ya reli ili tramu ya mwisho izikanyage, wabaki na ukumbusho. Hapa nilisimamisha filamu. Sisi tulikuwa tunaweka vizibo vya soda. Treni ikipita kizibo kinalala bapa kama shilingi, kingali cha moto, unatoboa matundu mawili katikati kwa msumari, unapitisha uzi, ukivuta kinazunguka na kulia vuuu. Mtoto wa Glasgow na mimi tumeinama juu ya chuma kilekile.

Sasa jambo lenyewe. Filamu hizi zinapenda usiku wa mwisho. Umati, mikono inapungwa, wazee wanafuta machozi. Ukitazama unadhani tramu imekufa usiku ule. Lakini za London zilihukumiwa zamani. Tangu 1935 mamlaka ya usafiri ya jiji ilikuwa imeanza kuziondoa na kuweka mabasi ya umeme ya waya. Vita ikasimamisha kazi, zikapata miaka ya nyongeza, kisha kuanzia Oktoba 1950 zikaondolewa njia moja baada ya nyingine hadi ule usiku. Kwa hiyo umati ule ulifika kwenye maziko ya marehemu aliyeugua miaka 17. Kamera haikuwapo kipindi cha ugonjwa.

Nitaendelea, ngoja nile kwanza.

#2 mpitanjia_ujiji

Mkuu tupo, shusha nondo. Ila umeruka ile kubwa kuliko zote, Who Framed Roger Rabbit. Ile inaonyesha wazi aliyeua tramu za Los Angeles. Kampuni za magari zilizinunua ili zizizime, watu walazimike kununua gari. Hiyo ndiyo sababu, mengine ni maelezo.

#3 MtotoWaReli

Mkuu asante kuileta, nilikuwa naiandalia nafasi yake kwa sababu inahitaji utulivu.

Ni ya 1988, ya Robert Zemeckis, watu na katuni wamechanganywa humohumo, na hadithi inatokea Los Angeles mwaka 1947. Mwanzoni mpelelezi anadandia nyuma ya tramu nyekundu pamoja na watoto wa mtaani, anajisifia kwamba mji wenye usafiri kama huu hauhitaji mtu kuwa na gari. Kisha tunajua kuna kampuni inaitwa Cloverleaf imenunua tramu hizo, na nyuma yake yuko Jaji Doom, anataka kuzifuta ajenge barabara kuu ya magari. Kama hadithi ni tamu sana. Imefanya mamilioni ya watu duniani wajue kwamba Los Angeles iliwahi kuwa na reli za mjini, na kwa hilo naiheshimu.

Ukweli una vipande viwili. Cha kwanza kinakuunga mkono. Kulikuwa na kampuni ya mabasi inaitwa National City Lines, ikiungwa mkono kwa fedha na General Motors, Firestone, Standard Oil ya California na wengine. Ilinunua kampuni za usafiri katika miji mingi ya Marekani, tramu zikatoka, mabasi yakaingia. Mwaka 1949 mahakama Chicago iliwatia hatiani kwa kula njama ya kuhodhi uuzaji wa mabasi, mafuta na matairi kwa kampuni hizo. General Motors ilitozwa faini ya dola 5,000. Mhazini wake alitozwa dola 1. Kuna filamu ya kumbukumbu kuhusu kesi hiyo, Taken for a Ride ya 1996, ya Jim Klein na Martha Olson. Itafuteni.

Kipande cha pili filamu inakiacha. Tramu nyekundu anazodandia yule mpelelezi ni za Pacific Electric, na hizo National City Lines haikuzinunua. Yenyewe mwaka 1945 ilinunua zile za njano, Los Angeles Railway, za ndani ya mji. Nyekundu zilikuwa mtandao wa zaidi ya kilomita 1,600, alizianzisha tajiri Henry Huntington, na lengo lake kubwa lilikuwa kuuza viwanja: unapeleka reli porini, unauza ardhi pembeni yake, faida ya reli yenyewe si hoja sana. Viwanja vilipoisha, nani wa kuikarabati reli? Magari yakaongezeka, tramu ikawa inasubiri kila njia panda, ikawa ya kuchelewa, abiria wakapungua, njia zikakatwa moja moja. Ile ya mwisho, ya kwenda Long Beach, ilifungwa Aprili 1961 ikiwa tayari mikononi mwa mamlaka ya umma. Haikuwa mali ya tajiri yeyote tena.

Kwa hiyo mkuu, mwizi alikuwapo, na alihukumiwa. Lakini nyumba alikuta mlango umeshaoza. Hollywood inahitaji mtu mwenye kofia nyeusi wa kumchukia ndani ya saa mbili. Kutokukarabati hakuna sura, huwezi kumpa mwigizaji aigize.

#4 dada_wa_kisauni

Nawasoma kutoka Mombasa. Huku kabla ya magari kulikuwa na vitoroli vya kusukumwa kwa mikono juu ya reli nyembamba, vina kipaa juu, wakubwa wa kikoloni wamekaa, watu weusi wanasukuma kutoka nyuma wakikimbia. Picha zake zipo, nimeziona. Magari yalipoingia vikaisha. Sijawahi kuona filamu yoyote inayosimulia wale waliosukuma walikwenda kufanya kazi gani baada ya hapo. Kaka, kwenye hizo filamu zako, wafanyakazi wanaonekana?

#5 MtotoWaReli

Dada umeuliza swali ambalo ndilo limenifanya niandike. Wanaonekana wakipunga mkono. Dereva wa mwisho anapewa mkono na mkubwa, kondakta anauza tiketi ya mwisho, filamu inaisha. Zipo mbili tu, katika nilizoziona, zinazokaa na mfanyakazi.

Ya kwanza ni ya kale, haina sauti: Speedy ya 1928, ya Harold Lloyd. Mzee mmoja New York ana tramu ya mwisho inayovutwa na farasi. Tajiri wa reli anataka njia yake, mzee hauzi kwa bei anayopewa. Sasa sikilizeni sheria yenyewe: haki ya mzee ya kutumia ile njia inabaki hai endapo tu tramu itapita angalau mara moja kila saa 24. Ikikosa siku moja, haki imekufa. Basi yule tajiri anatuma wahuni wakaiibe tramu. Kijana anaitafuta mji mzima na kuirudisha ikikimbizwa mbio, farasi wanatoka povu, ipite tu kabla muda haujaisha. Wazee wa mtaa, maveterani wa vita, wanapigana na wale wahuni kwa fimbo na miguu yao ya mbao.

Watu wanaitazama wacheke. Mimi ile sheria ya saa 24 ilinikaa kooni, kwa sababu ya stesheni yetu.

Jina lake sitalitaja. Ilikuwa na jukwaa fupi la kokoto, jengo la matofali ya kuchoma, mwembe mmoja. Haikufungwa. Hakuna karatasi iliyowahi kubandikwa ukutani. Kwanza taa ya jukwaani iliungua, haikuja nyingine, baba akawa anatundika chemli siku za treni. Kisha karani wa tiketi akahamishwa, mwingine hakuletwa, ukitaka kusafiri unapanda na kulipia ndani. Kisha treni ikaanza kupita bila kusimama, siku moja moja, tukaambiwa imechelewa inafidia muda. Kisha ikawa inasimama siku moja moja.

Kulikuwa na mama anauza viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Beseni la bluu, kitambaa cheupe kimefunikwa juu, mvuke unatokea pembeni. Treni ilipoacha kusimama yeye aliendelea kuja. Anakaa chini ya mwembe, anasikia honi mbali, anasimama, anajitwika beseni, anasogea ukingoni mwa jukwaa. Madirisha yanapita yamewaka, vichwa vya watu, upepo unainua kile kitambaa. Anakishika kwa mkono mmoja. Likipita behewa la mwisho anakaa tena, anatugawia watoto vile viazi kimoja kimoja. Hiyo ilikuwa miezi. Siku aliyoacha kuja ndiyo mimi naihesabu kuwa stesheni ilifungwa.

Nani angepiga filamu pale? Hakukuwa na usiku wa mwisho. Hakuna umati uliokuja kuaga kwa sababu hakuna aliyejua kwamba jana ndiyo ilikuwa ya kuaga.

#6 mstaafu_cheyo

Mwanangu, nimesoma hapa nimesimama. Niko Tabora, Cheyo, nimestaafu reli. Naandika polepole, simu na macho havipatani.

Ulichoandika kuhusu Los Angeles nakijua bila kufika huko. Njia ikichoka hatua ya kwanza si kuifunga, ni kupunguza mwendo. Panawekwa kibao: hapa kilomita 30 kwa saa. Mwaka unaofuata kibao kinasema 15, na mbele yake kimeongezeka kingine. Dereva hana kosa, anatii kibao. Treni inachelewa. Mwenye haraka anahamia basi. Mapato yanashuka, fedha ya mataruma na kokoto inapungua, vibao vinaongezeka. Ikifika hapo mtu akiwa na kalamu atakwambia watu hawataki treni. Hataandika kwamba treni ndiyo ilianza kuwakataa wao.

Reli hii ilifika hapa Tabora 1912 na huko kwenu Kigoma 1914. Zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar, na kila taruma moja lilibebwa na mtu begani. Ile meli Liemba mnayoiona ziwani ilipita hapa kwa treni ikiwa vipande ndani ya masanduku. Chombo kizima cha ziwa kilipita juu ya reli hii! Mimi nikiona watu wanazungumzia reli kama chuma tu naumia.

Baba yako alikuwa genge gani? Usitaje hapa, niandikie pembeni.

#7 MtotoWaReli

Shikamoo mzee wangu. Nimekuandikia. Hilo la vibao umelisema vizuri kwa mistari michache kuliko filamu zote nilizoziona. Asante sana.

#8 kijana_wa_gungu

Wakuu naheshimu hisia zenu, lakini naomba niulize bila ubaya. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma inajengwa. Dar hadi Dodoma treni ya umeme inakimbia tangu 2024. Kwa nini tukae tunalilia mambo yaliyopita, tena ya Wazungu?

#9 MtotoWaReli

Mdogo wangu, swali lako ni halali kabisa. Nami naisubiri hiyo reli kama wewe, siku ikifika nitakuwa kwenye foleni ya tiketi.

Ila angalia walichofanya wenzetu baada ya kung'oa. Ile njia ya Long Beach iliyofungwa 1961, mwaka 1990 walifungua reli nyepesi ya umeme hukohuko, sehemu kubwa ikipita palepale ilipopita tramu nyekundu. London kusini, Croydon, tramu zilirudi mwaka 2000. Walilipa kung'oa, kisha wakalipa upya kulaza. Sijaona filamu ya hilo. Zinaishia kwenye machozi ya 1952, na anayetazama anabaki akidhani ilikuwa lazima, kwamba dunia inasonga na vya zamani lazima vife. Hilo ndilo limenikaa kifuani. Filamu nzuri ya maziko inaweza kukufanya umsamehe muuaji bila kujua kwamba umesamehe.

Na treni ya kasi haiwezi kusimama kila kijiji, ndivyo ilivyo, na mimi silaumu. Kwa hiyo vile vituo vidogo tunapaswa kuvisemea sasa, wakati bado reli ya zamani ipo, wakati mtu bado ana beseni la kuleta jukwaani. Tukisubiri usiku wa mwisho tutapata picha nzuri tu.

#10 mpitanjia_ujiji

Mkuu nimekuelewa kuhusu Doom, narudisha kauli yangu nusu. Uliahidi filamu mbili za wafanyakazi, umetoa moja.

#11 MtotoWaReli

Kweli, na hii nimeiweka akiba kwa sababu ndiyo ninayoipenda kuliko zote. La ilusión viaja en tranvía, ya Meksiko, ilitoka 1954, imeongozwa na Luis Buñuel. Mafundi wawili, Caireles na Tarrajas, wametengeneza tramu namba 133 vizuri na upesi. Malipo yao? Wanaambiwa tramu hiyo inakwenda kuvunjwa. Usiku, pombe zimewapanda, wanaitoa karakanani waizungushe mara ya mwisho. Wanataka kuirudisha kimyakimya. Wanashindwa, kwa sababu kila wanapopita watu wanaisimamisha na kupanda.

Na hapo Buñuel anafanya kile ambacho wengine hawakufanya. Hatuonyeshi umati unaoaga. Anatuonyesha watu ambao hawajui kwamba kuna kuaga kokote, wanataka tu kufika nyumbani. Wanapanda wachinjaji kutoka machinjioni, wananing'iniza nyama kwenye vyuma vya kushikia abiria, vipande vinayumba pamoja na tramu. Wanapanda akina mama wa kanisa na sanamu yao takatifu. Wanapanda watoto wa shule. Nauli haichukuliwi, na mama mmoja wa Kimarekani anakasirika, anataka alipe kwa nguvu. Barabarani wanakuta watu wamegundua mahindi ya magendo, wakati chakula kimepanda bei. Ndani ya lile behewa moja unaona mji mzima unavyoishi na kwa nini behewa linahitajika. Hakuna anayehutubia. Nyama inayumba, basi, umeelewa.

Mimi pale niliona daraja la tatu la kwetu. Ndoo za asali kutoka Urambo, chumvi ya Uvinza kwenye viroba, madumu ya mawese, dagaa wamefungwa kwenye gunia na harufu yake imeshika nguo za kila mtu hadi Tabora, jogoo chini ya kiti, mtoto amelala juu ya gunia la mahindi la mtu asiyemjua. Anayetaka kujua stesheni ina thamani gani ahesabu vitu hivyo, asihesabu tiketi peke yake.

Nina mpango. Nimepata projekta ya kuazima. Jumamosi ijayo saa 1 usiku naiweka hii filamu uani kwetu, hapa Mwanga. Ni ya Kihispania, kwa hiyo nitasimama pembeni na kipaza sauti niwatafsirie kwa Kiswahili mstari kwa mstari, kama tulivyozoea kwenye mabanda ya video. Kiingilio hakuna. Njooni na mikeka, viti ni vichache. Mkihitaji kuelekezwa niandikieni pembeni.

#12 mstaafu_cheyo

Mwanangu, Kigoma sifiki, magoti hayataki. Siku hiyo nipigie simu uiache wazi, nisikilize unavyotafsiri.

#13 MtotoWaReli

Mzee, nitafanya hivyo, simu itakuwa karibu na spika.

Na dada wa Mombasa, na mdogo wangu wa Gungu, mkao wenu upo hata mkichelewa.

Nimesahau kuwaambia. Yule mama wa beseni bado yupo, anaishi kwa binti yake hukuhuku Kigoma. Nimempigia jioni hii kumwalika. Amekubali. Amesema atakuja na viazi. Akaniuliza kama hiyo treni ya kwenye filamu inasimama vituoni. Nimemwambia inasimama kila anaponyoosha mtu mkono.